Kampuni inayotengeneza darubini za wanasayansi ndiyo iliyotengeneza na hii yetu ya Ujiji? Mbona Zohali haina pete?

#1 Mtu_wa_Ujiji (9 Septemba 2025)

Habari za humu wakuu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari, hapa Ujiji. Naomba msaada, na naomba mniambie ukweli hata kama unauma.

Klabu yetu ya sayansi ilichangishana miezi saba. Mwanafunzi wetu wa zamani aliyeko Dar akatumalizia, tukanunua darubini, ikaja kwa basi. Juu ya sanduku wameandika kwamba kampuni hiyo inatengeneza darubini za vituo vya utafiti na vyuo vikuu, na pia za shule na familia. Nikawaambia watoto mkono uliotengeneza ya profesa ndio uliotengeneza hii yenu. Walifurahi mno.

Jumapili tarehe 7, usiku wa kupatwa kwa mwezi, tukaitoa uwanjani. Mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo wavuvi wa dagaa hawakuingia ziwani, nao wakaja. Akina mama wakaja na watoto mgongoni. Saa mbili na nusu mwezi wote ulikuwa umeiva, rangi ya chungu kilichotoka tanuruni. Kwenye darubini ulionekana vizuri, foleni ikafika barabarani.

Nikasema ngoja niwaonyeshe na sayari ya Zohali, maana ilikuwa imeshachomoza chini ya mwezi, upande wa mashariki. Wiki tatu nilikuwa nawachorea ubaoni, duara na pete yake. Nikachungulia kwanza mimi. Nikaona tonge. Tonge la njano linalotetemeka kama mawese yakianza kupata moto. Pembeni kama kuna vimichirizi, siwezi kuapa. Mzee mmoja mvuvi alichungulia, akanyamaza, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hii ni taa ya mtumbwi wa nani?" Mtoto wa darasa la tano akasema pete iko kwenye kitabu tu.

Swali langu: kampuni ya namna hii inatupa kioo kilekile inachowapa wanasayansi, au sisi tunapewa kingine? Au kosa ni langu?

#2 Kaliua_Kwetu

Pole mwalimu. Nimekaa chini ya mwembe hapa nasubiri wajuzi.

#3 Fundi_Miwani_TBR

Mwalimu, salaam. Mimi natengeneza miwani Tabora mjini na nina darubini tangu 2011. Kabla hatujailaumu kampuni naomba vitu vinne. Maandishi ya kwenye kibandiko karibu na shingo ya kuchungulia, D (upana wa kioo) ngapi na f (fokasi, yaani umbali ambao mwanga unakusanyika) ngapi, kwa milimita. Urefu wa bomba kwa futi kamba. Ulitumia lenzi ya jicho ya namba gani. Na mchana kutwa ilikuwa imehifadhiwa wapi kabla hujaitoa. Hilo la mwisho watu hulidharau.

#4 Mama_Dagaa_Kibirizi

Mimi nasafirisha dagaa kwa mabasi mwaka wa kumi na mbili sasa. Najua buti la basi. Kuna kopo la mafuta nililipokea limebonyea pande zote, na lilikuwa la bati. Hicho kioo kimetoka Dar mpaka Ujiji, kimelaliwa na magunia, kimerushwa kwenye matuta. Kitabakije mahali pake? Jibu lako liko barabarani mwalimu, kiwandani usihangaike.

#5 Binti_wa_Nyota

Mwalimu, hujakosea na kampuni haijakosea. Pete zimelala.

Zohali imeinama kwenye mhimili wake, na inalizunguka jua kwa miaka 29 na kitu. Kwa hiyo kila baada ya miaka kama 15 sisi tunaziona pete zake kwa ubavu. Ilitokea 2009, imetokea tena Machi mwaka huu wa 2025. Sasa hivi zimeinuka nyuzi kama 2 tu. Pete zina upana wa maelfu kwa maelfu ya kilomita lakini unene wake ni makumi ya mita tu kwa sehemu kubwa. Chukua karatasi, itazame kwa ukingo, utaona nini? 2017 ungeona kama ulivyochora ubaoni. Kwenye 2032 utaona tena hivyo.

Usione haya kabisa. Galileo mwenyewe aliona kama masikio mawili pembeni mwa Zohali mwaka 1610, alipotazama 1612 yakawa hayapo, akachanganyikiwa. Mpaka alipokuja Huygens kueleza kwamba ni pete, imepita zaidi ya miaka 40.

#6 Muha_wa_Buhigwe

Dada #5 umesema vizuri lakini pete kulala hakufanyi sayari itetemeke. Huu ni Septemba. Watu wanachoma mapori kuanzia Uvinza mpaka huku kwetu, jioni jua linazama jekundu kabla hata halijafika milima ya Kongo. Unachungulia kupitia moshi. Subiri mvua ya kwanza ioshe hewa.

#7 Mtu_wa_Ujiji

Asanteni sana. Majibu ya #3: D=114, f=1000. Bomba lina sentimita 45. Nilitumia lenzi ndogo kabisa ya 4, nikaongeza na kile kiongezi cha mara 3, kwa sababu sanduku linasema inakuza mara 750 na nilitaka wazee wenye macho hafifu waone kubwa. Mchana ilikuwa stoo ya shule, chini ya bati.

#5, nikiri kwamba la pete kulala sikulijua. Kitabu chetu kina picha moja tu.

#8 Fundi_Miwani_TBR

Sasa tumefika. Mwalimu, nisikilize kwa utaratibu.

1000 gawa kwa 4 ni 250, mara 3 ni 750. Hesabu ya sanduku ni sahihi, lakini haina faida kwako. Kioo cha milimita 114 kinabeba ukuzaji wa kama mara mbili ya milimita zake, yaani 228, na hapo hewa iwe imetulia tuli. Ukipita hapo sayari haiongezeki chochote, unachokuza ni ukungu wake. Anza na lenzi ya 20, utapata mara 50.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Bomba la sentimita 45 haliwezi kuwa na fokasi ya mita nzima kwa kioo peke yake. Mwanga unahitaji njia ndefu zaidi ya hiyo. Maana yake kuna lenzi imefichwa ndani ya shingo ya kuchungulia, inayorefusha fokasi. Kioo chenyewe kwa kawaida huwa kimechongwa kama kipande cha mpira wa kuchezea, kwa sababu umbo hilo ni rahisi kiwandani, halafu lenzi ile inatakiwa kurekebisha kasoro. Vikikaa kwenye mstari mmoja unapata picha ya kuridhisha. Vikipishana kidogo tu, tonge. Na kuvilinganisha ni kazi ngumu kwa sababu lenzi hiyo inakuzuia kuona. Hakuna profesa anayepewa darubini ya mtindo huo. Kwa hiyo mkono sio uleule, samahani.

Na stoo ya bati: kioo kimeiva siku nzima, ukakitoa usiku. Kinapumua joto ndani ya bomba. Huko "kuchemka" ulikokuona ndiko.

#9 Mzee_wa_Reli

Vijana, naona #8 anahukumu haraka. Nimestaafu reli hapa Tabora na kazi yangu sasa ni kusoma. Kampuni moja kuhudumia wataalamu na umma si jambo la ajabu.

Chukueni kampuni ya Grubb ya Dublin. Mzee Thomas Grubb alianza na meza za chuma za mchezo wa biliadi. Akaingia kwenye darubini, mwanawe Howard akaendeleza. Wakaitengenezea Vienna darubini ya lenzi ya sentimita 68, wakati ule kubwa kuliko zote za lenzi duniani. Vita vya kwanza wakatengeneza periskopu za nyambizi. Mwaka 1925 kampuni ikanunuliwa na Charles Parsons, yule wa injini za tabo zinazozungushwa na mvuke, ikahamia Newcastle ikaitwa Grubb Parsons. Kazi zao ziko Afrika: ile ya mita 1.9 iliyosimikwa Sutherland, Afrika Kusini, mwaka 1948, na ile ya Kottamia kule Misri ya mita 1.88. Kampuni ilifungwa 1985, lakini darubini zake hazikufungwa. Hiyo ndiyo kazi ya mkono. Meza ya biliadi inataka uso uliosawazika, kioo nacho kinataka uso wa kipimo. Mkono ni mmoja.

#10 Binti_wa_Nyota

Shikamoo mzee wetu #9. Nasahihisha kidogo tu: 1948 kioo kilifika Pretoria, sio Sutherland. Ilikuwa imeagizwa miaka ya 1930, vita vikachelewesha. Miaka ya 1970 ndipo ikahamishiwa Sutherland, kwa sababu taa za mji zilikuwa zimeshaharibu anga la Pretoria. Hapo hapo Sutherland ndipo ilipo SALT, darubini kubwa ya Afrika Kusini, iliyozinduliwa 2005, ambayo kioo chake ni vipande 91 vya pembe sita, kila kimoja kama mita moja, vikipangwa unapata upana wa kama mita 11.

#11 Mzee_wa_Reli

Marahaba binti. Nimepokea, Pretoria kwanza. Mji unafukuza nyota, hilo nimeliona hata hapa Tabora tangu taa za barabarani ziongezeke.

#12 Upepo_wa_Ziwa

Mbona mnazunguka. Ujiji iko kando ya ziwa lenye kina cha mita 1,470. Maji yale yanatunza joto la mchana, usiku yanalitoa. Hewa juu yake inacheza. Mwalimu alichungulia kupitia hewa ya ziwa, basi.

#13 Muha_wa_Buhigwe

#12 ndugu yangu, ziwa liko magharibi. Mwalimu kasema Zohali ilikuwa mashariki. Alikuwa anatazama upande wa Kasulu, juu ya mabati ya watu. Labda ulitaka kusema joto la mabati.

#14 Upepo_wa_Ziwa

Sawa, la upande nimekosea. Ila usiku upepo unashuka kutoka vilimani kuelekea ziwani, na uko njiani kwake. Hewa ya Kigoma inatembea, ndiyo hoja yangu, na sijaiacha.

#15 Kaliua_Kwetu

Ndiyo maana tunasema njooni Tabora. Tambarare, mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, hakuna kilima wala ziwa. Na nyie mnajua kabila letu linaitwaje. Wanyamwezi. Watu wa mwezi. Darubini ilitakiwa ishuke hapa, isipite.

#16 Mama_Dagaa_Kibirizi

Hahaha haya tena. Mimi bibi yangu Mnyamwezi alikuwa anasema jina hilo walipewa na watu wa pwani kwa sababu walikuwa wanatoka upande ambako mwezi mwandamo huonekana, yaani magharibi. Sio kwamba mna hati miliki ya mwezi.

#17 Kaliua_Kwetu

Na wengine wanasema ni kwa ajili ya Milima ya Mwezi ya wazee wa zamani. Vyovyote, mwezi wetu.

#18 Shabani_wa_Mtumbwi

Mimi nilikuwepo uwanjani siku hiyo. Yule mzee aliyeuliza taa ya nani ni baba yangu mdogo, na hakuwa anamdhihaki mwalimu. Sisi giza la mwezi tunashinda ziwani usiku kucha. Ukiwa Ujiji ukatazama ziwani utadhani kuna mji, kumbe ni taa zetu. Nasi tukiwa kule tukitazama juu, nyota zimejaa mpaka majini. Zamani karabai, siku hizi taa za sola, nyeupe sana. Taa ya mtumbwi wa mbali inacheza hivyohivyo kama alivyoiona, ya njano, haina ukingo. Aliuliza kile anachokijua.

Sisi nyota tunazitumia. Nyota ya alfajiri ikitoka tunajua huu ni mvuto wa mwisho, turudi. Siku hizi ziko mbili, moja kali na nyingine juu yake. Naomba kujua ya juu ni nini.

Na jambo moja la kusikitisha: watu wa kazi yetu tunapata nafasi usiku wa mwezi mpevu tu. Mwalimu akiweka darubini giza la mwezi, sisi hatupo.

#19 Binti_wa_Nyota

Kaka Shabani, ile kali ni Zuhura. Ya juu yake ni Mshtarii, nayo hata darubini ndogo inaonyesha miezi yake minne imepanga mstari. Umenifurahisha kuliko wote humu.

#20 Mwanafunzi_Mwanga

Samahani, naomba kuuliza. Shuleni tuliambiwa Sarateni ndiyo yenye pete na Zohali ni nyingine ya mbali. Na Utaridi ni ile ya mwisho. Nani mkweli?

#21 Mzee_wa_Reli

Mjukuu wangu, vitabu vilichanganya. Kwa asili ya Kiarabu Zohali ndiyo yenye pete na Utaridi ni ile iliyo karibu kabisa na jua. Sarateni asili yake ni kaa, ni jina la kundi la nyota kwenye buruji, kama Kausi ambayo ni upinde. Walikuwa wanatafuta majina ya sayari mpya wakachukua ya jirani. Kwenye mtihani andika alivyokufundisha mwalimu wako, lakini ukitoka nje usiku iite Zohali. Kilimia, kile kikundi cha nyota, hakuna aliyeichanganya, kwa sababu wakulima waliishika: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua."

#22 Saa_Nane_Usiku

Nimesoma uzi wote, hakuna aliyeuliza saa. Mwalimu alisema walikuwa wanaangalia mwezi ukiwa umeiva. Katikati ya kupatwa ilikuwa saa tatu na dakika 11. Kwa Kigoma wakati huo Zohali ilikuwa nyuzi kama 17 tu juu ya upeo, nimepiga hesabu mara mbili. Kumbukeni Kigoma jua linazama kwa kuchelewa, kama dakika 40 nyuma ya Dar kwa saa hizihizi za ukutani, na nyota nazo zinachelewa. Nyuzi 17 maana yake unatazama kupitia hewa nene mara tatu na zaidi kuliko ukitazama utosini. Hata darubini ya Sutherland wasingeielekeza huko kwa ajili ya picha nzuri. Angesubiri mpaka saa saba au saa nane, ingekuwa karibu na utosi.

#23 Mtu_wa_Ujiji

#22 umenigusa. Nilikuwa na haraka kwa sababu watoto walikuwa wanasinzia.

#18 mwambie baba mdogo nimemuelewa, na swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu.

#24 Fundi_Miwani_TBR

Naomba nirudi kwenye swali la #1, maana mzee #9 amenijibu vizuri lakini sijaridhika. Swali ni kama kioo ni kilekile.

Nilichonga kioo changu mwenyewe, sentimita 15. Vioo viwili vya mviringo, kimoja kimefungwa juu ya pipa, kingine mkononi, katikati unga wa kusagia na maji. Unasukuma mbele na nyuma huku unalizunguka pipa, hatua moja, msuguo sita, hatua moja. Sauti yake mwanzoni ni kama mtu anasaga mtama, mwishoni inakuwa kama pumzi. Kioo cha chini kinabenuka, cha juu kinabonyea, vyenyewe. Baada ya wiki nyingi, unajua nimechimba kiasi gani katikati? Milimita moja na kidogo. Halafu ndipo unaanza kung'arisha kwenye lami, na hapo unabadilisha umbo kutoka kipande cha mpira wa kuchezea kwenda parabola, umbo linalokusanya mwanga wote mahali pamoja. Tofauti ya maumbo hayo mawili kwa kioo changu ilikuwa chini ya theluthi ya mikroni, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele una kama mikroni 70. Kidole changu kikigusa kioo kwa dakika moja, joto lake linainua uvimbe mkubwa kuliko hiyo tofauti. Unakiacha, unakwenda kula, unarudi kupima. Kipimo ni tochi yenye tundu la sindano na wembe, njia ya Foucault ya mwaka 1858. Kupaka aluminiamu sikuweza hapa, inahitaji chombo kilichoondolewa hewa yote. Nilikituma nje, kikarudi baada ya miezi minne.

Sasa darubini ya chuo kikuu inafanyiwa hivyo, kimoja kimoja, inapimwa, inarudishwa, inapimwa. Ya umma haiwezi, ingekuwa na bei ya nyumba. Kwa hiyo wanabuni njia. Tom Johnson wa kampuni ya darubini ya Celestron, kwenye ile ya inchi 8 ya mwaka 1970, aliweka kioo chembamba juu ya kalibu ya kioo, akakifyonza kwa chini kikabonyea kukifuata kalibu, akasawazisha juu yake kikawa bapa. Ukikiachia kinafyatuka, na umbo gumu kabisa linakuwa limejitengeneza. Kalibu moja, vioo maelfu. Hiyo siidharau hata kidogo, ni akili kubwa, na imewapa watu wa kawaida anga. Ila ni kampuni moja yenye vyumba viwili. Chumba cha mwalimu kilikuwa cha tatu, ambako hata kalibu nzuri hawana.

#25 Mzee_wa_Reli

Umenena fundi, na msuguo ule nimeusikia kabisa. Lakini usiwatukuze wa chumba cha kwanza kupita kiasi. Darubini ya Hubble, kioo cha mita 2.4, ilirushwa 1990 ikaonyesha nyota zenye ukungu. Ukingo wa kioo ulikuwa umechongwa bapa mno kwa mikroni kama 2, kwa sababu kifaa cha kupimia kilikuwa kimefungwa vibaya. Kazi ya mkono ilikuwa safi, kipimo ndicho kilichodanganya. Wakaenda kuirekebisha angani Desemba 1993.

#26 Mama_Dagaa_Kibirizi

Hiyo nayo ilisafirishwa. Mimi bado niko kwenye basi langu.

#27 Fundi_Stendi_Kasulu

Na miguu je? Hizi darubini za 114 mara nyingi zinakuja na stendi ya ikweta, yenye mzigo wa kusawazisha. Mhimili wake unatakiwa uelekee ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka. Wenzetu wa Ulaya ncha iko juu, nyuzi 50. Ujiji ncha ya kusini iko nyuzi 5 tu kutoka ardhini, na ile nyota ya kaskazini hatuioni kabisa. Stendi nyingi hazishuki mpaka nyuzi 5, na ukilazimisha ule mzigo unagonga mguu. Unaishia kuifunga hovyo, inatikisika kila ukigusa. Kutetemeka kote kule kunaweza kuwa miguu tu. Mimi nilitupa yangu nikatengeneza sanduku la mbao linalozunguka, mtindo wa John Dobson, yule aliyekuwa akiweka darubini barabarani San Francisco ili wapita njia wachungulie. Mbao za mninga, vipande vya plastiki kwa ajili ya kuteleza. Haitikisiki.

Faida yetu ya kuwa nyuzi 5 ni kwamba tunaona karibu anga lote, la kusini na la kaskazini. Wenye darubini kubwa wanalipa nauli kwa ajili ya hilo.

#28 Mwanafunzi_Mwanga

Na jua tunaweza kuliangalia? 2016 nilikuwa mdogo, watu walikwenda Rujewa kuona pete ya jua.

#29 Fundi_Miwani_TBR

HAPANA. Kama kwenye sanduku kuna kilenzi cheusi kimeandikwa jua, cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, mwalimu kivunje leo hii. Joto lote linakusanyika hapo, kinapasuka ghafla jicho likiwa pale. Kwangu wamekuja wateja wawili walioungua retina kwa kutazama jua, na hao hawakutumia hata darubini. Sina miwani ya kuwatibu.

#30 Mtu_wa_Ujiji (21 Septemba)

Kilenzi kimevunjwa, kilikuwepo kweli.

Wakuu, narudisha ripoti. Jana usiku, giza la mwezi. Niliitoa stoo tangu magharibi nikaiacha kwenye nyasi mwisho wa uwanja, mbali na mabati. Nikavilinganisha vioo kwa zile skrubu tatu za nyuma, fundi alinielekeza kwa simu, nikatumia nyota kali: ukiitoa kwenye fokasi inakuwa duara lenye tundu jeusi, na tundu lazima likae katikati. Langu lilikuwa limeegemea upande mmoja kama yai bovu. Miguu nimeikunja iwe mifupi nikaning'iniza jiwe chini. Lenzi ya 20 kwanza, kisha 10, mara 100 tu. Na nilingoja mpaka saa tano na nusu. Juzi yake ilikuwa imenyesha kidogo.

Nimeiona. Ndogo, ndogo kuliko nilivyowahi kufikiri, na kavu, ina ukingo. Na katikati imepitiwa na uzi mwembamba, umetokeza huku na huku. Kama punje ya mchikichi iliyochomwa sindano. Pembeni kuna kidoa, nadhani Titan, mwezi wake mkubwa. Nilikuwa na watoto sita, na yule wa darasa la tano alikuwepo. Alikaa muda mrefu mpaka wenzake wakamsukuma. Akasema, "Imechomwa kijiti." Nikamwambia hicho kijiti ndicho pete.

#31 Binti_wa_Nyota

Hongera mwalimu! Nilisema zimelala.

#32 Muha_wa_Buhigwe

Nilisema mvua.

#33 Mama_Dagaa_Kibirizi

Tundu lilikuwa limeegemea upande. Nani aliliegemeza kama sio basi?

#34 Saa_Nane_Usiku

Saa tano na nusu ilikuwa nyuzi zaidi ya 60. Sisemi zaidi.

#35 Fundi_Miwani_TBR

Hongera sana. Ila mwalimu, umebadilisha mambo sita kwa usiku mmoja, sasa kila mtu humu anachukua ushindi na hakuna anayeweza kumpinga mwenzake. Ningeomba usiku mwingine uirudishe lenzi ya 4 pekee, mengine yabaki, tuone. Halafu usiku unaofuata uiache stoo mpaka saa mbili, mengine yabaki. Na lile la lenzi iliyofichwa bado nalisimamia. Mara 100 imekubali, nenda mara 200 uniambie.

#36 Mzee_wa_Reli

Na mimi bado nasema hao waliochonga kile kioo, chumba cha tatu au cha kumi, walimwonyesha mtoto wa Ujiji kitu ambacho Galileo hakukielewa.

#37 Shabani_wa_Mtumbwi

Tulikuwa ziwani jana, tuliona tochi yenu ndogo nyekundu pale uwanjani. Hongera mwalimu. Sisi tutakuwa nchi kavu lini unajua.

#38 Mtu_wa_Ujiji

Mwezi unapevuka usiku wa kuamkia tarehe 7 Oktoba. Zohali itakuwa karibu na mwezi tena, na saa tatu itakuwa imeshapanda vya kutosha, mwanga wa mwezi hauizuii. Mje tarehe 6, uwanja uleule. #35, nitaanza na jaribio la stoo kabla ya siku hiyo, siwezi kulifanya mbele ya watu.

Shabani, njoo na baba mdogo. Nitamwekea kiti, na atakuwa wa kwanza kwenye foleni.